Hongo mpya kwenye soko la majina: Tabora isisubiri nje ya lango

WAFANYABIASHARA wa asali wa Tabora wanajua jambo moja ambalo vitabu vya biashara hulieleza kwa kurasa nyingi: dumu lenye jina huuzika kabla ya dumu lisilo na jina. Mnunuzi wa Dar es Salaam akiambiwa kwamba mzigo umetoka Sikonge au Urambo huacha kuuliza maswali na kuanza kuuliza bei. Jina la mahali ni mtaji ambao haukai ghalani wala hauliwi na mchwa. Lakini mtaji huo unaweza kuchukuliwa na mtu mwingine akiwa amekaa ofisini mwake mbali kabisa na Tabora, na lipo soko la dunia ambalo kazi yake ni kugawa na kuuza majina tu.

Tunazungumzia majina ya intaneti, hasa zile herufi zinazokuja baada ya nukta ya mwisho: .com, .org, .tz, .africa. Wataalamu huziita vikoa vya ngazi ya juu. Anayepewa kusimamia kikoa cha namna hiyo ni sawa na mwenye soko. Yeye ndiye anayeamua nani apate kizimba, kwa bei gani, na mwakani atozwe kiasi gani. Juu yake yuko anayetoa vibali vya kufungua masoko yenyewe, nalo ni shirika la ICANN lenye makao yake California, lililoundwa mwaka 1998.

Shirika hilo limetayarisha duru mpya ya kupokea maombi ya vikoa, ambayo dirisha lake lilipangiwa Aprili 30 hadi Agosti 12, 2026. Ada ya ombi moja ni dola 227,000 za Marekani, yaani zaidi ya nusu bilioni ya shilingi, kabla mwombaji hajaajiri mwanasheria wala fundi. Waombaji wasio na uwezo waliwekewa mpango wa punguzo la asilimia 75 hadi 85 ya ada hiyo. Lakini hata asilimia 15 iliyobaki ni pesa ambayo chama cha msingi cha wakulima hakiwezi kuichomoa bila kugusa malipo ya wanachama.

Wasomaji wa ukurasa huu wanaweza kuuliza hayo yanamhusu nini mtu anayenunua nta na kuuza mchele. Tutafika huko. Kwanza turudi kidogo nyuma, kwa sababu Tabora iliwahi kuishi kwa biashara ya malango.

Katika karne ya 19 msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ulipita Unyanyembe, jirani na mahali ulipo mji wa Tabora leo, na njiani ulilipa hongo. Leo neno hilo humpeleka mtu mahakamani, lakini wakati huo lilikuwa jina la ushuru wa njia, uliolipwa kwa mtawala wa eneo kwa vitambaa, shanga au waya. Wenye misafara walilalamika sana, hasa kuhusu Ugogo ambako maji yalikuwa machache na aliyeshika maji ndiye aliyeshika bei. Hata hivyo walilipa, kwani walipata maji, chakula na usalama. Hongo ilikuwa mbaya pale tu ilipobadilika katikati ya safari, au pale watu wawili walipodai lango moja. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alipogombana na Waarabu wa Unyanyembe, njia ya Ujiji ilifungwa, pembe zikakwama, na Stanley aliyekuwa akimtafuta Livingstone ikabidi azunguke kwa kusini.

Mfanyabiashara wa zamani, kwa hiyo, alihitaji kujua mambo matatu kabla ya kufunga mizigo: lango ni la nani, ada yake ni kiasi gani, na je, ada hiyo itakuwa ile ile wakati wa kurudi. Safu hii inaona kwamba vikoa vipya vipimwe kwa mizani hiyo hiyo, na kwa mizani hiyo utaratibu uliotumika mpaka sasa umepungua kila mahali.

Tuanze na umiliki. Miaka ya 1980 vikoa vya jumla vilikuwa saba tu, .com na .org vikiwemo. Mwaka 2000 ICANN iliongeza vingine saba kwa kuchagua yenyewe miongoni mwa waombaji, jambo lililoleta manung'uniko kwamba bodi ilichagua kama majaji wa mashindano ya urembo. Lakini mojawapo ya saba hizo inatuhusu: .coop, iliyowekwa kwa ajili ya vyama vya ushirika peke yake. AMCOS ya wakulima wa tumbaku hapa Tabora ina haki ya kuomba jina humo, na kampuni binafsi inayojifanya ushirika haina. Huo ni mfano mzuri wa lango lenye mlinzi anayejua nani aingie.

Mwaka 2012 utaratibu ukageuka. Yeyote mwenye dola 185,000 aliruhusiwa kuomba herufi alizotaka. Maombi yakafika 1,930. Amerika ya Kaskazini ilipeleka 911, Ulaya 675, na Afrika nzima 17, ambayo hata asilimia moja haijafika. Waliogombea jina moja wakashindwa kuelewana walipelekwa mnadani. Google ililipa zaidi kidogo ya dola milioni 25 kupata .app mwaka 2015. Mwaka uliofuata .shop ilikwenda kwa dola milioni 41.5, na .web ikafika dola milioni 135.

Hapo ndipo penye utata ambao mtu wa biashara ataukamata mara moja. Minada iliyoendeshwa na ICANN iliingiza pesa kwenye mfuko wa ICANN. Lakini waombaji waliruhusiwa pia kufanya mnada wao binafsi, ambapo aliyeshinda alilipa na walioshindwa wakagawana malipo yake. Kwa maneno mengine, mtu aliweza kuomba jina asilolihitaji, akashindwa kwa makusudi, akaondoka na faida. Ulanguzi wa sukari miaka ya 1980 tuliwekewa sheria. Ulanguzi huu ulikuwa ndani ya sheria. Kwa duru mpya ICANN imeamua kuzuia minada hiyo ya faragha, na hilo ni jema. Lakini mnada wenyewe umebaki, na katika mnada neno huenda kwa mwenye mfuko mrefu hata kama hana uhusiano wowote nalo.

Kwa neno kama "duka" au "wavuti" mnada haudhuru sana. Ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Kwa jina la mahali mambo ni tofauti, na hapa Tabora ina maslahi ya moja kwa moja.

Kanuni za ICANN zinasema kwamba jina la mkoa au jimbo lililomo katika orodha ya kimataifa ya ISO 3166-2 haliwezi kuwa kikoa bila barua ya kuunga mkono, au ya kutopinga, kutoka kwa serikali inayohusika. Mikoa ya Tanzania imo, na Tabora imo. Kilimanjaro nayo inalindwa, si kwa sababu ya mlima bali kwa sababu ni mkoa. Sasa mtu ajiulize kuhusu Serengeti. Si mkoa. Ngorongoro si mkoa. Unyamwezi na Unyanyembe havimo katika orodha ya mikoa ya leo, na miombo, ambayo ndiyo misitu inayotoa asali yetu, ni aina ya msitu tu. Ujiji ni mji, na majina ya miji hulindwa pale tu mwombaji anapokusudia kuyatumia kwa mambo ya mji huo. Akisema anauza mikoba, njia nyeupe.

Haya si mawazo ya kufikirika. Kampuni ya Amazon iliomba .amazon katika duru ya 2012. Brazili na Peru zikapinga kwa kuwa Amazoni ni mto na msitu na makazi ya watu kabla ya kuwa duka. Neno hilo halikuwamo katika orodha ya majina yanayolindwa. Ubishi ukaendelea kwa miaka mingi, na mwaka 2019 ICANN ikaamua kuipa kampuni nafasi ya kuendelea. Kampuni ya nguo ya Patagonia yenyewe iliondoa ombi lake mwaka 2013 baada ya upinzani wa Argentina. Tofauti ya matokeo hayo mawili haikutokana na sheria bali na uvumilivu wa mwombaji na uzito wa mfuko wake. Nchi zenye wanadiplomasia wengi zilibishana kwa miaka. Je, halmashauri ya wilaya ya mkoa wa Tabora ingebishana kwa muda gani?

Njia ya kuepuka hilo ni rahisi. Serikali ipeleke orodha yake mapema. Isiwe ya mikoa tu, bali ya mahali na mazao ambayo bidhaa zetu hujulikana kwayo. Umoja wa Afrika ulifanya jambo linalofanana kabla ya kufunguliwa kwa .africa, ambapo nchi wanachama zilipewa nafasi ya kutaja majina ya kuhifadhiwa. Orodha kama hiyo haigharimu nusu bilioni. Inahitaji watu wachache wanaojua mazao, wanaojua historia, na walio tayari kukaa siku mbili mezani.

Na kwa kuwa tumeitaja .africa, tuangalie jinsi ilivyoingia sokoni, maana ni funzo la lango lililodaiwa na watu wawili. Mwaka 2009 Tume ya Umoja wa Afrika iliandikia DotConnectAfrica, taasisi iliyokuwa ikiongozwa na Sophia Bekele, barua ya kuunga mkono. Mwaka uliofuata ikaiondoa. Baadaye ikatangaza zabuni na kuiteua ZACR ya Afrika Kusini. Wote wawili wakaomba .africa mwaka 2012. DotConnectAfrica ikaenda kwenye jopo la usuluhishi, ambalo Julai 2015 liliona ICANN ilikwenda kinyume na kanuni zake katika kushughulikia ombi hilo. Ikafuata kesi Los Angeles na zuio la mahakama mwaka 2016. Zuio lilipoondoka, kikoa kikawashwa Februari 2017, na umma ukaanza kununua Julai mwaka huo.

Miaka mitano, basi, lango la bara zima lilibaki limefungwa kwa sababu barua moja ilitolewa kabla ya utaratibu kuwekwa. Hatusemi nani alikuwa na haki. Mahakama ya Los Angeles ilimaliza shauri kwa upande wa ICANN mwaka 2019. Tunachosema ni kwamba zabuni ya wazi ilipaswa kutangulia barua, si kufuata. Ofisi yoyote itakayoombwa barua ya kuunga mkono jina la mkoa wake ilikumbuke hilo kabla ya kugonga muhuri.

Pili, utaratibu wa kuingia. Kikoa kipya kwa kawaida hufunguliwa kwa awamu. Wa kwanza ni wenye alama za biashara zilizosajiliwa. Kisha huja kipindi cha kugombania, ambacho mwenye kulipa zaidi huchagua kwanza. Umma huingia mwisho kwa bei ya kawaida. Mtu akiutazama mpango huo akiwa ofisini Nairobi au London ataona ni wa haki. Autazame akiwa Sikonge. Mfugaji nyuki hana alama iliyosajiliwa BRELA, na hana dola za kugombania. Kwa hiyo anayevuna asali anaingia mwisho, na akifika anakuta neno "asali" limeshakaliwa na mtu ambaye hajawahi kuona mzinga.

Safu hii inapendekeza awamu moja zaidi kabla ya ile ya kugombania, iwe ya vyama vya wazalishaji na taasisi za eneo, kwa bei ya kawaida, kwa majina yanayohusu eneo na zao lao. Uthibitisho uwe cheti cha ushirika au cha chama. Watakaosema jambo hili ni gumu kulisimamia watazame .coop, inayochuja waombaji wake tangu ilipoanza.

Suala la tatu ni ada, na hapa ndipo mwekezaji mdogo huumia bila kujua. Vikoa vingi vipya huuza mwaka wa kwanza kwa bei ya chee. Mwaka wa pili bei hupanda, na wakati huo mteja ameshachapa lebo, ameandika jina kwenye gari, na wanunuzi wameshaizoea anwani. Mwaka 2017 kampuni ya Uniregistry ilitangaza kupandisha bei ya baadhi ya vikoa vyake kwa zaidi ya mara kumi, hali iliyofanya GoDaddy iache kuviuza. Mkataba wa .com una kikomo cha bei. Mikataba ya vikoa vipya haina. Hata .org, inayotumiwa na mashirika mengi ya hisani, iliondolewa kikomo mwaka 2019, na mwaka huo huo ikataka kuuzwa kwa kampuni ya uwekezaji kwa dola bilioni 1.135. ICANN ilikataa mauzo hayo Aprili 2020 baada ya kelele za dunia nzima. Kelele si kanuni. Kila kikoa kipya kilazimishwe kutangaza ada ya kusasisha kwa angalau miaka mitano mbele, kama msafara ulivyotaka kujua hongo ya kurudi.

Wapo watakaouliza kwa nini majina yasitolewe bure kabisa. Hilo limejaribiwa Afrika. Gabon na Mali zilikabidhi vikoa vyao vya taifa, .ga na .ml, kwa kampuni ya Freenom ya Uholanzi iliyogawa majina bila malipo. Matapeli walifurika. Gabon ilipochukua tena kikoa chake Juni 2023 ilifuta majina karibu milioni 7. Mfanyabiashara halali wa Libreville aliyekuwa na anwani ya .ga alikuwa amekaa miaka yote kwenye mtaa ambao mabenki na mitambo ya barua pepe waliuogopa. Njia isiyo na ada yoyote haina mlinzi.

Upande wetu, .tz ilipata kituo chake, tzNIC, mwaka 2006, kwa ushirikiano wa TCRA na chama cha watoa huduma za intaneti, TISPA. Bei imekuwa ya wastani na matapeli ni wachache. Kasoro kubwa iliyowahi kujitokeza ni ile ya kutumia rungu: mwaka 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alifikishwa mahakamani, na miongoni mwa mashitaka lilikuwamo la kuendesha tovuti isiyosajiliwa kwa .tz. Soko halijengwi kwa kumshitaki mwenye duka la mtaa wa pili. Mtu huhamia kwenye soko lenye paa, taa na choo kisafi.

Tusikwepe hoja ya wale wanaosema majina haya yamepitwa na wakati, kwamba biashara ya Tabora leo iko WhatsApp na Instagram. Kwa rejareja ni kweli. Lakini mnunuzi wa nta wa Ujerumani huangalia barua pepe imetoka wapi kabla ya kufungua ankara, na ukurasa wa Instagram ukifungwa kwa kosa la kubahatisha hakuna dirisha la kwenda kulalamikia. Anwani yako mwenyewe ni kama stoo ya kupanga yenye mkataba. Ile nyingine ni kibaraza cha jirani.

Kwa wale wanaofikiria kununua majina ya duru mpya ili wayauze baadaye, hesabu ni hii. Majina 100 kwa dola 15 kila moja ni dola 1,500 kwa mwaka, kila mwaka, bila pango na bila gawio. Yakikaa miaka minne bila mteja ni dola 6,000, na wateja wa majina ya Kiswahili katika vikoa visivyojulikana ni wachache mno. Pesa hiyo kwenye hatifungani za serikali ingelipa riba. Anayetaka jina la biashara yake na alisajili, moja au mawili, aanze na .tz, na asome ada ya mwaka wa pili kabla ya ile ya mwaka wa kwanza.

Kazi kubwa zaidi haiko kwa mtu mmoja mmoja. TCCIA mkoa wa Tabora, vyama vya wafuga nyuki na vyama vikuu vya ushirika vya tumbaku wanaweza kuandaa orodha ya majina ya magharibi kwa pamoja na kuipeleka wizarani na TCRA. Sikonge, Urambo, Ujiji, Unyamwezi, Unyanyembe, miombo. Orodha haitazidi ukurasa mmoja. Katika kamati ya serikali inayoishauri ICANN, ambako Brazili na Peru zilipeleka pingamizi lao, Tanzania nayo ina kiti. Ukurasa huo ukishafika wizarani, mwenye kiti atakuwa na kitu cha kusoma.